Herufi Alizookota Sakafuni: Ndugu Awadhi Mbaraka Anaaga Kiwanda

Baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne kazini, Ndugu Awadhi Mbaraka, mpanga herufi mkuu wa kiwanda chetu cha chapa cha Mtaa wa Mkunguni, anastaafu leo Jumanne, tarehe 30 Juni 1981. Katika muda wote huo amechelewa mara moja tu, siku mkewe alipojifungua mapacha, na hata siku hiyo aliomba radhi mpaka kwa mlinzi wa getini.

Kamati ya Wafanyakazi imenituma mimi, Leodegar wa mashine kubwa, niandike wasifu huu. Nadhani wamenichagua kwa sababu nina mdomo. Angelina wa chumba cha kushonea vitabu anasema ni adhabu, kwa kosa ambalo mtalisikia huko mbele. Vyovyote iwavyo nimekubali, maana mtu kama huyu hatoki mlangoni kimyakimya kama aliyekuja kuuliza njia.

Ndugu Awadhi alizaliwa hapahapa Kariakoo, mwaka 1926, mtoto wa Mshihiri aliyekuja kutoka pwani ya Uarabuni bila kitu, akajipatia dele la kahawa na vikombe sita. Wakongwe wa Mtaa wa Sikukuu bado wanamkumbuka Mzee Mbaraka. Alfajiri akitoka msikitini anaanza mzunguko, anagonga vikombe ka-ka-ka, duka hadi duka, na wenye maduka wa Kihindi wanampokea barazani wakiwa na gazeti lao mkononi. Kusoma alijua Kurani tu. Magazeti aliyaona kila siku ya maisha yake na hakuwahi kujua yanasema nini.

Mwanawe aliingia kiwandani Februari 1945 kwa kazi ya kufagia. Wakati huo kiwanda kilikuwa mali ya Bwana Kasamali, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchapa gazeti la kila Ijumaa la Kigujarati, pamoja na kadi za harusi na kalenda. Sasa, vijana mlioajiriwa juzi hamjui shida ya mfagizi wa enzi hizo. Herufi za risasi ni ndogo kama punje za mchele, na mpanga herufi akiharakisha zinamdondoka. Mfagizi haruhusiwi kuzitupa. Anaziokota moja moja, anazifuta vumbi, na kuirudisha kila moja katika tundu lake kwenye kasha. Akikosea, kesho gazeti zima linatoka limevurugika.

Basi Awadhi alizijua herufi za Kigujarati kwa maumbo kabla hajazijua kwa sauti. Aliijua hii yenye mkia na ile yenye kibyongo, lakini hakujua yoyote inatamkwaje. Aliyemtamkia ni Bi Sitara, binti wa Bwana Kasamali, aliyekuwa akisahihisha gazeti kwenye meza ya dirishani. Awadhi alikuwa akifika na herufi kiganjani, anasimama kwa adabu, na Bi Sitara anaitaja bila kuinua kichwa. Ilichukua miaka miwili. Siku moja akafika na herufi nne, kazipanga, na Bi Sitara akainua kichwa, kwa sababu lilikuwa neno.

Mwaka 1948 alitolewa kwenye ufagio akawekwa kwenye makasha, na mkono wake ulikuwa mwepesi kupita wa wote. Hapo ndipo alipojifunza lile jambo lililotusumbua sana sisi wengine. Mpanga herufi husoma risasi kinyume, kichwa chini miguu juu. Ukimzoesha mtu hivyo miaka kumi, barua iliyolala mezani mbele ya bosi kwake yeye imesimama wima. Mwaka 1976 aliitwa ofisini kuulizwa habari ya wino, akatoka, akanipita pale mashineni akaniambia, “Leodegar, anza kukimbia asubuhi.” Nikamwona mzee wa watu kachoka. Wiki mbili baadaye jina langu likasomwa ubaoni: mafunzo ya mgambo, miezi mitatu. Mpaka leo Meneja wetu, Ndugu Pantaleo, akimwona Mzee mlangoni hufunika barua zake kwa jalada, na hatumlaumu.

Lakini jambo kubwa la Ndugu Awadhi wengi wenu hamlijui, nami nililijua kwa kuchelewa. Huyu bwana ni mwandishi wa vitabu. Tena si wa Kiswahili, wala si wa Kiarabu. Ameandika vitabu vitano kwa Kigujarati: vinne vilichapwa, cha tano mtakisikia.

Ilianza Alhamisi moja ya mwaka 1953. Gazeti lilikuwa linaingia mashineni na safu moja ilibaki nusu tupu, Bwana Kasamali yuko Tanga kwenye msiba. Awadhi alisimama mbele ya kasha, akapanga kisa cha muuza maji na mwenye nyumba, moja kwa moja kutoka kichwani hadi kwenye risasi, bila kugusa kalamu. Chini yake akaweka jina Padoshi, ambalo kwa Kigujarati ni Jirani. Ijumaa mji mzima wa Kihindi, kuanzia Kisutu hadi Kitchwele, ukawa unauliza huyo Padoshi ni nani. Bwana Kasamali aliporudi akawakagua wafanyakazi mmoja mmoja, akamfikia kijana wa Kishihiri kasimama na mikono myeusi kwa wino. Akamwambia aendelee, ila asimwambie mtu. Alijua wasomaji wake.

Akaendelea miaka tisa kwa siri. Watu walicheka, wakalia, wakakata visa vyake wakabandika ndani ya makabati. Wapo walioapa kwamba Padoshi ni daktari fulani wa Upanga. Na kila asubuhi, kwenye baraza za maduka, Mzee Mbaraka alikuwa anamimina kahawa huku wateja wake wakisoma kwa sauti, kwa lugha asiyoielewa, visa vya mwanawe na kucheka. Vingine vilikuwa vya kwake yeye mwenyewe, muuza kahawa anayegonga vikombe. Alimimina, akapokea kikombe, akaenda zake.

Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata nayo siku moja huvuja. Mwaka 1962 jina lake likatoka, na ndugu zangu, hapakukalika. Baadhi ya wasomaji walirudisha gazeti, wakasema Mwarabu anawachungulia madirishani. Washihiri wenzake nao wakamsimamisha msikitini baada ya swala, wakamuuliza, lugha ya Kurani ameiona ndogo? Marafiki zake wa mtaani wakawa na lao: si uandike Kiswahili, na sisi tukusome? Baba yake hakuuliza chochote, ila kwa mwaka mzima hakumtia kahawa mkononi. Alikiweka kikombe chini, mwana akakichukua mwenyewe. Mzee Mbaraka alifariki mwaka 1965, na habari ya visa vile hawakuwahi kuizungumza.

Mimi niliwahi kumuuliza swali lilelile la mtaani, kwa nini Kihindi, jamani? Hakukasirika. Alisema Kiarabu alipewa na baba yake, Kiswahili alipewa na mtaa, na Kigujarati ndicho alichokiokota mwenyewe sakafuni. Nilimwambia jibu hilo halitoshi. Akasema hata yeye halijamtosha.

Mwaka 1971 nyumba zilitaifishwa, na mitaa yetu ikabadilika ndani ya miezi michache. Wengi waliokuwa wakisoma gazeti lile walifunga virago, huyu Kanada, huyu Uingereza. Gazeti likafa kwa kukosa wa kulinunua. Bwana Kasamali naye akaondoka, kiwanda kikawa cha umma, nasi wengine tukaajiriwa, mimi nikitokea Mahenge na mashine hiyo sijawahi kuiona. Ndugu Awadhi alihamia makasha ya Kiswahili siku hiyohiyo, bila kinyongo. Vitabu vya elimu ya watu wazima ambavyo mama zenu walijifunzia a e i o u, herufi kwa herufi vilipita vidoleni mwake. Mama yangu mzazi alijifunza kuandika jina lake kwa kitabu alichokipanga yeye, na kwa hilo namshukuru hapa mbele ya watu.

Ila kila siku saa ya chakula, sisi tukienda kwa mama ntilie, yeye alibaki. Kule nyuma, nyuma ya marobota, makasha ya Kigujarati yalikuwa bado yapo. Aliandika kitabu cha tano hukohuko, kwa namna pekee aliyoijua, maana mpaka leo Ndugu Awadhi hawezi kuandika Kigujarati kwa kalamu. Hakufundishwa na mtu kushika kalamu ya lugha hiyo, alifundishwa na risasi. Kurasa themanini na nane za risasi, kila moja imefungwa kamba herufi zisitawanyike, zimepangwa kwenye rafu kama mikate. Hapakuwa na nakala nyingine popote duniani. Mara moja tu, mwaka 1978, aliomba karatasi za kukichapia. Akajibiwa kwamba karatasi zilizopo hazitoshi hata vitabu vya shule, na ilikuwa kweli. Hakuomba tena. Kinyozi hajinyoi, wenzangu: amewachapia watu maelfu ya kurasa, zake mwenyewe zimelala rafuni.

Mwezi Mei mwaka huu ikaja amri. Herufi za Kiswahili zimechakaa, fedha za kigeni za kuagizia nyingine hakuna, kwa hiyo risasi yote ya Kigujarati iyeyushwe, zimiminwe herufi mpya. Siku yenyewe Jumamosi tarehe 30. Ndugu Pantaleo alimwita Mzee amweleze, na mara hii hakufunika barua. Mzee akasema amri ina busara, kiwanda ni cha wote. Akarudi kwenye kasha lake akaendelea na kazi, na mkono wake ukadondosha herufi. Miaka minane nimekaa jirani naye, sijawahi kuona mkono ule ukidondosha kitu.

Tukakutana watatu, Angelina, mimi na Ndugu Meneja. Tulitaka kukichapa kile kitabu kwa siri, tumkabidhi leo mbele yenu. Ndugu Pantaleo alisema karatasi ya stoo hawezi kutoa hata moja, tusimtafutie kesi. Kisha akaongeza kwamba kapu la taka si lake, ni la mfagizi. Basi tukaingia kapuni. Tukatoa mabango ya kilimo yaliyochapwa mepesi, kurasa za vitabu zilizopindana, kila karatasi iliyoharibika upande mmoja na kubaki nyeupe upande wa pili. Mzee akienda kuswali adhuhuri, sisi tunachukua kurasa zake rafuni, tunazipitisha mashineni, tunaziosha kwa mafuta ya taa na kuzirudisha vilevile na kamba zake. Zikapatikana nakala kumi na mbili.

Ile Jumamosi ya amri, Mzee alizibeba mwenyewe kurasa zake za risasi mpaka kwenye tanuru, safari nyingi, hakutaka kusaidiwa. Kila ukurasa aliufungua kamba, akaiviringisha kamba hiyo akaitia mfukoni, ndipo akamimina herufi. Angelina alitoka nje. Mimi nilisimama na maneno yamenijaa mdomoni, na mdomo wangu mnaujua. Nilinyamaza kwa ajili ya hii shughuli ya leo. Mzee, yale maumivu ya siku ile ungeweza kuepushwa nayo kwa neno moja tu, na sikulisema. Naomba radhi.

Sasa lile kosa lenyewe. Angelina alipokaa kushona aliniuliza, kitabu hiki kinafunguliwa upande gani? Hakuna kati yetu aliyejua hata tarakimu moja ya Kigujarati. Nilimjibu kwa kujiamini kabisa: “Dada, kwani Mzee Awadhi kabila gani? Mwarabu huanzia kulia. Hujaona Kurani yake?” Akashona zote kumi na mbili, mgongo kulia, jalada zuri la kitambaa, gundi imekauka.

Kuuliza si ujinga, ila inategemea umemuuliza nani.

Mpango wa kumkabidhi leo nao ulikufa. Wiki mbili zilizopita, Mzee alikuwa anakunywa chai ya saa nne upande wa pili wa chumba, na nakala moja imelala wazi mezani kwa Angelina, kichwa chini kwa jinsi yeye alivyokaa. Macho yale, nimeshawaambia. Aliweka kikombe chini. Alikuja taratibu, akasimama, akasoma mistari kama mitatu, na midomo yake ikawa inacheza. Kisha akakaa chini sakafuni, palepale, mtu wa miaka hamsini na mitano, akalia kama mtoto. Na sisi tukalia. Ndugu Pantaleo alitoka ofisini kuuliza kuna nini, akaona, akarudi ndani akafunga mlango.

Alipotulia akakichukua, akakigeuza huku, akakigeuza kule. Angelina akamuuliza kuna kasoro? Ndipo akatueleza kwa upole kwamba Kigujarati huanzia kushoto, sawasawa na Kiswahili. Lo! Nilitamani sakafu ipasuke. Miaka ishirini watu walikuwa wakimtazama sura kabla ya kumsoma, na mimi rafiki yake nimefanya hivyohivyo, tena kwa sindano na uzi. Nikasema tutabandua gundi, tutakata, tutashona upya, usiku na mchana. Akasema, “Kiacheni.” Nikasisitiza. Akasema tena, “Leodegar, kiache.” Akanituma nimpelekee Bi Sitara nakala ya kwanza.

Bi Sitara anaishi bado Kisutu, ghorofani, peke yake. Watu wake wako ng’ambo, yeye alikataa kwenda. Siku tatu baadaye aliniita. Hakuwa amesahihisha kitu, alisema hapakuwa na la kusahihisha. Nikamwomba anieleze kilichomo, maana nilikichapa mimi na sijui hata kinahusu nini. Akanieleza. Ni habari ya muuza kahawa asiyejua kusoma, anayeona wateja wake wanacheka kila Ijumaa juu ya gazeti. Anahisi wanacheka habari zake. Anauliza baraza ya kwanza gazeti linasema nini, wanamwambia ni habari za bei ya pamba. Anauliza ya pili, wanamwambia ni harusi. Anazunguka mji mzima na dele lake, kila mlango na jibu lake, na nyumbani kwake yumo mtu mmoja ambaye angeweza kumwambia ukweli. Kila asubuhi anampitia mtu huyo, anamwekea kikombe, wote wawili wananyamaza.

Nilirudi kiwandani nimepoa. Nikamshika Mzee kando nikamuuliza kwa nini hataki tukishone upya, wakati ndicho kitabu chake cha mwisho na herufi zake hazipo tena. Aliniambia hivi, nami nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: “Baba alijua kufungua kitabu kimoja tu, na alikifungulia kulia. Hiki angekifungua bila kumuuliza mtu.”

Nikazifunga nakala zilizobaki kwa karatasi, vilevile zilivyoshonwa.

Ndugu Awadhi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa sasa na waliotawanyika, tunakushukuru. Ulitufundisha kwamba herufi iliyoanguka haikanyagwi. Kamati inakukabidhi mabati kumi na mawili ya kuezekea chumba cha uani, na Angelina ameongeza mkoba alioushona kwa kitambaa kilichobaki cha majalada. Mungu akupe afya, akupe usingizi mzuri wa asubuhi ambao umeukosa miaka thelathini na sita, na akutunzie mama na watoto.

Ukiacha ya Bi Sitara na mbili zako, nakala tisa zilizobaki tunazo sisi, na hakuna anayeweza kuzisoma. Kwa hiyo tumeafikiana na Bi Sitara. Jumapili ijayo tunamchukua Kisutu, tunakuja naye nyumbani kwako Magomeni, na yeye atatusomea kitabu kile kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho, hata kikichukua Jumapili nne. Mama asihangaike na jiko. Dele la marehemu Mzee Mbaraka tumeambiwa bado lipo, basi litolewe tu lisuguliwe.

Wewe siku hiyo usinyanyuke, Mzee. Kahawa tutamimina sisi, na kikombe tutakutia mkononi.